Mhudumu wa kiwambo: Mshika mbili moja humponyoka

MWANAFUNZI mmoja wa chuo kikuu alinijia juzi na swali ambalo kwanza lilinichekesha, kisha likaninyima usingizi. “Mwalimu,” akasema, “sisi tumefunzwa kwamba seva ni ile kompyuta kubwa iliyo mbali huko, na sisi tulio huku ni wateja. Sasa mbona kitabu hiki kinasema seva iko kwenye meza yangu, eti programu iliyo mbali ndiyo mteja? Si wamekosea hawa?”

Hawajakosea, mpenzi msomaji. Aliyekosea ni sisi walimu tuliomkaririsha kijana huyu neno ‘seva’ bila kumweleza kazi ya neno lenyewe. Tuliazima jina tukaacha maana mlangoni. Tungesema ‘mhudumu’ badala ya ‘seva’, kitendawili kingejitegua. Mhudumu ni yule anayehudumu, awe mkubwa au mdogo, karibu au mbali. Sasa jiulize: katika tarakilishi iliyo mbele yako, ni kitu gani kinachogombewa na kila programu? Ni kiwambo, pamoja na kibodi na kipanya. Anayevilinda na kuvigawa ndiye mhudumu, na kwa kuwa vitu hivyo viko mezani pako, naye yuko papo hapo. Programu zinazomwomba nafasi ya kuonekana ndizo wateja, hata kama moja inaendeshwa kwenye mtambo ulio nchi nyingine.

Leo basi nataka tumchunguze mhudumu huyu wa kiwambo: alivyoanza, alivyobadilika kadi za michoro zilipopata nguvu, na kwa nini wataalamu wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Utaona kwamba kila aliyejaribu kumboresha alipata hili akapoteza lile.

Taarifa kwa simu

Hebu tuanzie mahali ambapo gazeti hili hutengenezwa. Zamani mwandishi aliyekuwa nyanjani alipiga simu ofisini akasoma taarifa yake neno kwa neno, na mpiga chapa akaiandika. Kilichosafiri kwenye waya kilikuwa maagizo: “Andika hivi, weka nukta, anza aya mpya.” Siku hizi mwandishi huleta ukurasa ukiwa tayari, na msanifu wa kurasa huupanga pamoja na mingine. Ofisini haandikiwi mtu tena, hupangiwa tu.

Kisa cha mhudumu wa kiwambo ni safari hiyo hiyo. Mwaka 1984, katika taasisi ya MIT nchini Marekani, Bob Scheifler na wenzake, akiwamo Jim Gettys, walianza kuunda mfumo uliokuja kuitwa X. Jina lenyewe halina fumbo kubwa: ulitangulia mfumo ulioitwa W kule Stanford, na baada ya W alfabeti ina X. Toleo la kumi na moja, X11, lilitoka mwaka 1987, na hadi leo lingali linatumika katika kompyuta nyingi za Linux na jamaa zake.

Wabunifu wa X walichagua njia ya simu. Programu haikuleta picha. Ilileta maagizo: chora mstari kutoka hapa hadi pale, jaza mstatili huu rangi ya buluu, andika herufi hizi kwa chapa hii. Seva ndiyo iliyochora. Agizo moja la namna hiyo ni baiti chache tu, kwa hiyo programu ingeweza kukaa kwenye mtambo mkubwa wa chuo na kuonyesha dirisha lake kwenye meza ya mwanafunzi kupitia mtandao. Kwa zama hizo huo ulikuwa muujiza wenye faida.

Walikuwa na ubahili mwingine wa busara. Kumbukumbu ilikuwa ghali, basi seva kwa kawaida haikuhifadhi sehemu za dirisha zilizofunikwa na dirisha jingine. Ukiondoa dirisha la juu, seva iliiambia programu ya chini: “Umefunuliwa, chora tena.” Kumbukumbu iliokolewa, lakini mtumiaji alilipa kwa macho yake: kuwayawaya kwa picha, na doa tupu linalosubiri programu iliyozubaa ijichore upya.

Maagizo yalipokwisha kazi

Miaka ikasonga. Watu wakataka herufi laini zisizo na kingo za msumeno, vivuli, na madirisha yanayoonyesha yaliyo nyuma yake. Maagizo ya 1987 hayakuyajua hayo. Kidogo kidogo programu zikaanza kujichorea zenyewe, kisha zikaikabidhi seva picha nzima. Mwandishi sasa alikuwa akileta ukurasa ulio tayari, lakini bado alilazimika kupitia kwa mpiga chapa asiye na la kupiga.

Na picha si kitu chepesi. Chukua kiwambo cha kawaida chenye nukta 1920 kwa 1080. Kila nukta ikichukua baiti 4, picha moja ni baiti 8,294,400, yaani takriban megabaiti 8.3. Kiwambo kikionyesha picha 60 kwa sekunde, hizo ni karibu megabaiti 500 kila sekunde. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hubeba megabaiti 12.5 tu, sawa na picha moja na nusu zisizobanwa. Ile sifa ya kutuma madirisha kupitia mtandao haikufutwa na mtu; ilidhoofika yenyewe pale programu zilipoacha maagizo zikaanza kuleta picha.

Hapo ndipo kadi ya michoro inapoingia. Prosesa ya kawaida ni kama mhasibu mahiri anayefanya kazi ngumu, moja baada ya nyingine. Kadi ya michoro ni kama uwanja uliojaa vibarua: kila mmoja anafanya hesabu ndogo, lakini wote kwa wakati mmoja. Kupaka rangi nukta milioni mbili ni kazi ya vibarua, si ya mhasibu. Apple walilitambua hilo mapema: mwaka 2002, katika toleo la 10.2 la mfumo wao wa Mac, waliikabidhi kadi ya michoro kazi ya kuunganisha madirisha kwenye kiwambo. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kompozita: kila dirisha huchorwa pembeni, kwenye kumbukumbu yake lenyewe, kisha kompozita huyapanga yote kuwa picha moja. Ni yule msanifu wetu wa kurasa.

Faida yake ni dhahiri. Dirisha likifunuliwa halihitaji kuchorwa upya, maana picha yake ipo. Gharama pia ni dhahiri. Madirisha kumi yanayojaza kiwambo, kila moja likiwa na nakala mbili za picha, hula takriban megabaiti 166. Kwa mashine mpya hilo si neno. Kwa ile kuukuu yenye kumbukumbu haba na isiyo na kadi ya maana, vibarua hawapo, mhasibu analazimishwa kubeba mchanga, na mashine inaanza kuhema.

Kubomoa au kukarabati?

Mwaka 2006 ulimwengu wa Linux ulijikuta na majibu mawili kwa swali moja: tuifanyeje X itumie kadi ya michoro ipasavyo?

Jibu la kwanza lilikuwa Xgl, kazi ya David Reveman wa Novell. Yeye alisema: jenga seva upya, kila kinachochorwa kipitie lugha ya michoro ya OpenGL. Wazo lilikuwa safi. Badala ya kuandika kiendeshi cha michoro bapa kwa kila kadi, ungetegemea OpenGL peke yake. Pamoja na programu ya Compiz, ambayo pia ilikuwa yake, watu waliona madirisha yakitikisika kama uji mzito na kiwambo kikizunguka kama mchemraba. Wengi walibaki vinywa wazi.

Lakini Xgl haikuweza kushika mtambo peke yake. Kwa kawaida iliendeshwa juu ya seva nyingine ya X iliyokuwa chini yake ikishughulika na kadi. Wahudumu wawili, meza moja. Michezo na programu za michoro ya pande tatu zilipoteza njia ya mkato ya kuifikia kadi moja kwa moja.

Jibu la pili, AIGLX, lilitoka kwa watu wa Red Hat na jamii ya X.Org. Wao walisema: nyumba isibomolewe, ikarabatiwe. Waliipa seva ile ile uwezo wa kutekeleza maagizo ya OpenGL kwa kutumia kadi, ili kompozita ipate pa kushika. Haikuwa na urembo wa wazo la Xgl, na ilidai viendeshi vilivyotayarishwa kwa kazi hiyo. Ila iliingia polepole, bila kuvunja kilichokuwa kikifanya kazi. Mwaka huo huo wa 2006 ilikuwa tayari ndani ya toleo rasmi la X.Org. Xgl iliondolewa kwenye msimbo wa mradi mwaka 2008.

Tusikimbilie kusema aliyeshindwa alikuwa mjinga. Wazo la Xgl kwamba michoro bapa ipitie OpenGL lilirudi baadaye kwa sura nyingine, na leo seva ya X ina sehemu inayofanya hivyo hivyo. Alitangulia tu kabla ya viendeshi kukomaa.

Tarishi asiyehitajika

Ukarabati nao ulikuwa na mpaka. Baada ya kompozita kuingia, X ikawa na pande tatu: programu, seva na kompozita. Programu ikichora, seva huiambia kompozita kwamba kuna mabadiliko. Kompozita huunganisha picha, kisha huirudishia seva iionyeshe. Seva imekuwa tarishi kati ya watu wawili ambao wangeweza kuzungumza wenyewe.

Tena tarishi mwenyewe hajui kila kitu. Ukibofya kipanya, seva ndiyo inayoamua umebofya dirisha gani. Lakini kompozita huenda imelikunja dirisha hilo au imelizungusha kwa madoido yake. Seva haioni hayo. Inajua tu mahali dirisha lilipo kwenye vitabu vyake. Jicho linaona dirisha hapa, seva inasema liko kule.

Kristian Høgsberg, ambaye alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi kwenye AIGLX, alianza mwaka 2008 mradi wa kumwondoa tarishi huyo. Aliuita Wayland, jina la mji mmoja wa jimbo la Massachusetts. Toleo 1.0 lilitoka mwaka 2012. Wayland si programu bali ni itifaki, yaani makubaliano ya namna ya kuzungumza. Ndani yake kompozita ndiyo seva. Programu hujichorea kwa kadi ya michoro, kisha haimpi mhudumu picha yenyewe. Humpa kitambulisho cha mahali picha ilipo kwenye kumbukumbu. Hakuna kunakili. Na kwa kuwa anayepanga madirisha ndiye anayepokea mbofyo wa kipanya, jicho na vitabu haviwezi kupingana.

Je, hayo yote yalipatikana bure? Thubutu!

Bili inapoletwa mezani

Kwanza, usalama. Katika X, kwa kawaida programu yoyote iliyounganishwa na seva inaweza kusikiliza vitufe unavyobonyeza kwenye dirisha la programu nyingine, na kupiga picha kiwambo kizima. Ni chumba cha habari ambamo kila mtu husikia simu ya kila mtu. Unaandika neno la siri la benki, na kijiprogramu ulichopakua jana kinaweza kulinakili. Wayland ilijenga kuta: kila programu huona vitufe vyake na dirisha lake tu.

Ukuta humzuia mwizi, lakini haumuulizi mtu ni nani. Asiyeona hutegemea programu inayomsomea yaliyo kwenye kiwambo, na programu hiyo sharti ijue vitufe vinavyobonyezwa popote ili itii amri zake. Vivyo hivyo programu ya kugawa kiwambo wakati wa mkutano wa mtandaoni, na ile ya kurekodi somo la mwalimu. Zote zilifanya kazi katika X kwa sababu hakukuwa na kuta. Katika Wayland ilibidi zitengenezewe milango rasmi, mmoja mmoja, yenye kibali cha mtumiaji. Milango hiyo ilichukua miaka, na asiyeona ndiye aliyesubiri nje. Sikwambii kwamba kuta zilikuwa kosa. Nakwambia gharama ya usalama haikugawanywa sawa.

Pili, ukamilifu dhidi ya wepesi. Katika X iliwezekana nusu ya juu ya kiwambo ionyeshe picha mpya na nusu ya chini ile ya zamani, kana kwamba karatasi imepasuka katikati. Wayland iliazimia kwamba kila picha inayoonekana iwe kamili. Ili iwe kamili, lazima isubiri zamu ya kiwambo, na kwa picha 60 kwa sekunde zamu moja ni milisekunde 16.7. Anayesoma gazeti hili mtandaoni hatajua kama amechelewa. Anayecheza mchezo wa kulenga shabaha atajua. Malalamiko yalikuwepo kwa muda, na mwaka 2022 itifaki ikaongezewa njia ya programu kusema: “Mimi nionyeshe haraka, hata picha ikipasuka.”

Tatu, uhai. Katika X, msimamizi wa madirisha ni programu ya kando. Akianguka, unamwasha tena, na barua uliyokuwa ukiiandika ipo pale pale. Katika Wayland, msimamizi, kompozita na seva ni kitu kimoja. Kikianguka, kwa kawaida programu zote huanguka nacho. Ndio udhaifu wa kuweka mayai yote katika kapu moja. Mradi wa KDE umejitahidi kuziwezesha programu zake zivumilie anguko hilo na kuunganishwa upya, lakini hiyo ni kazi ya ziada ambayo X haikuidai.

Nne, nani akubaliane na nani? Ili picha ipite kwa kitambulisho tu, ni lazima programu, kompozita na kiendeshi cha kadi wakubaliane namna ya kutenga kumbukumbu. Watengenezaji wengi wa kompozita walichagua njia iitwayo GBM. Kampuni ya NVIDIA ikaja na njia yake, EGLStreams. Kwa miaka kadhaa mwenye kadi ya NVIDIA aliteseka na Wayland, hadi kampuni hiyo ilipoikubali GBM mwaka 2021. Wapiganapo tembe nyasi huumia.

Isitoshe, hata ukingo wa dirisha ulizua mjadala. Ile fremu yenye kitufe cha kufunga, ichorwe na nani? Ikichorwa na mhudumu, madirisha yote yanafanana na hata programu iliyokwama unaweza kuifunga. Ikichorwa na programu, mbunifu ana uhuru wa kuweka vitufe vyake humo na kuokoa nafasi. GNOME walishika njia ya programu, KDE wakapendelea ya mhudumu. Hadi leo hawajaafikiana.

Ndiyo maana mabadiliko yamekuwa ya kusuasua. Fedora iliifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza mwishoni mwa 2016. Ubuntu ikafuata katika toleo la Oktoba 2017, ikarudi kwa X katika toleo la 2018 linalodumu muda mrefu, kisha ikaregea Wayland mwaka 2021. Na ili programu za zamani zisiachwe yatima, ndani ya Wayland huendeshwa seva ndogo ya X iitwayo Xwayland. Ajabu ni kwamba tumerudi kwa wahudumu wawili, ila safari hii mkongwe ndiye mgeni.

Na lugha yetu je?

Huenda ukauliza, haya yanaihusu vipi safu ya Kiswahili? Yanaihusu sana. Kwanza kwa manufaa ya papo kwa papo: shule au afisi inayotumia Linux inaweza kuchagua. Katika baadhi ya mifumo kuna kitufe kidogo kwenye ukurasa wa kuingilia kinachokuruhusu kuanza kwa Wayland au kwa X. Mwenye mashine mpya na siri za kulinda ana sababu ya kuchagua Wayland. Mwenye programu ya kumsaidia asiyeona aijaribu kwanza kabla ya kuhamisha maabara nzima. Mwenye mashine kuukuu apunguze madoido ya kompozita, mhasibu apumzike.

Pili, waundaji wa istilahi wanakabiliwa na mizani ile ile ya waundaji wa seva. Tukiazima ‘seva’, kijana wetu anaunganika moja kwa moja na vitabu vya dunia, lakini neno halimwelezi chochote. Tukiunda ‘mhudumu’, neno linamfundisha, lakini akifungua mwongozo wa Kiingereza anahitaji tarishi wa kumtafsiria. Xgl ilitaka kujenga upya, AIGLX ikakarabati, na Wayland ikajenga upya huku ikimhifadhi mkongwe kwenye chumba cha wageni. Mimi naegemea njia hiyo ya tatu: ‘seva’ ibaki kwenye matumizi, kwa kuwa imeshaota mizizi, lakini siku ya kwanza darasani mwalimu aseme ‘mhudumu’, na aonyeshe nani anahudumiwa.

Nilimjibu yule mwanafunzi hivyo. Akatazama kiwambo chake kwa muda, kisha akasema, “Kumbe ninayemngoja mbali ananihudumia hapa!” Nilifurahi, lakini nilikumbuka kwamba alikuwa amefaulu mtihani wa somo hilo mara mbili kabla ya kulielewa.